Bunduki Inayotaka Mafuta

Nilianza kuisafisha bunduki ya baba nikiwa na miaka thelathini na moja, mwaka niliorudi nyumbani kutoka kwa mume. Sikuwa nimejaliwa mtoto, na hilo ndilo lililonirudisha. Baba alinipokea bila maswali. Alinionyesha chumba changu cha zamani, akasema ng'ombe hawajakatiwa majani tangu jana yake, na Jumamosi ya wiki hiyo akaniita barazani. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, bunduki imelala mapajani, kopo la mafuta chini ya kiti. Akasema macho yake hayaoni vizuri tena vitu vya karibu, na mama aliyekuwa akimsaidia kazi hiyo hayupo. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Basi akanifundisha.

Kwanza unatoa komeo na kuhakikisha hakuna risasi ndani. Hapo alinirudisha mara nne mpaka akaridhika. Halafu unapitisha kitambaa ndani ya mtutu kwa ufito wa chuma. Kikitoka cheusi unaweka kingine, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Halafu unafuta nje, kila mahali palipoguswa na mkono wa mtu, kwa sababu jasho lina chumvi na chumvi inakula chuma. Mwisho unapaka mafuta, kidogo sana, kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Nilimwambia mafuta ya cherehani yangu ni mepesi kuliko yale ya kopo lake. Akayanusa, akayasugua kati ya vidole, akakubali. Tangu siku hiyo kichupa kimoja kilihudumia cherehani na bunduki, na vipande vya fulana vilivyobaki kwenye kazi zangu viliishia ndani ya mtutu.

Kwetu ni juu, kijiji cha mwisho kabla ya msitu. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba katikati ya migomba na kahawa, kinapakana na korongo, na ng'ambo ya korongo ni miti ya serikali. Nguruwe pori wanatokea huko. Wakiingia kwenye magimbi wanachimba kuliko jembe. Baba alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka mingi, na alipostaafu aliomba kibali akanunua bunduki yake mwenyewe, kuukuu, iliyokwisha kupita kwenye mikono ya watu wengine. Hapakuwa na mwingine mwenye bunduki kijijini. Watu walikuja kumwita, naye alivaa koti lake la kijani, akatoka. Mara nyingi alipiga moja hewani tu, wanyama wakakimbia, akarudi. Lakini alirudi akitembea polepole katikati ya njia, ili kila mtu apate muda wa kumwamkia.

Bunduki ile ilikuwa na ile rangi ya zamani, nyeusi yenye bluu kwa ndani, kama shingo ya njiwa. Si rangi ya kupaka kwa brashi. Baba alinieleza kwamba chuma chenyewe kinachemshwa kwenye dawa mpaka ngozi yake inageuka nyeusi, na ngozi hiyo ndiyo inayoshika mafuta. Uzuri wake unauona siku yenye jua. Ubaya wake ni kwamba inataka mtu. Huko juu, masika yakianza, ukungu unaingia mpaka ndani ya kabati, na koti ulilolitundika Jumapili unalikuta Alhamisi limeota weupe. Chuma cheusi ukikiacha wiki mbili katika hali hiyo kinatoa vidoa vya kahawia, na ukizidi kukiacha vinachimba.

Miaka minane sikukosa Jumamosi hata moja. Siku nyingine za wiki niliteremka Kiboriloni, nilikokuwa na kibanda cha kushonea pembeni mwa wauza mitumba. Asubuhi nilikata majani, nikakamua, nikampikia baba uji, nikashuka. Jioni nilipanda. Kaka yangu mkubwa alikuwa Dar es Salaam, mdogo wetu wa mwisho alikuwa Dodoma, na wote wawili walikuwa wakipiga simu Jumapili kumuuliza baba kama mimi sijambo.

Mtu mmoja wa Kahe, huko chini tambarare, alikuja kibandani kwangu kwa mara ya kwanza na sketi mbili za shule. Alikuwa amefiwa na mkewe, akabaki na mabinti wawili waliokuwa wakirefuka kwa kasi. Alitaka nishushe pindo. Alilima vitunguu na mpunga kwa maji ya mfereji, na kila alipoleta mzigo sokoni alipita. Baada ya sketi alileta suruali, baada ya suruali alileta shati lililokatika vifungo viwili, na nilipoangalia nyuzi nikaona zimekatwa kwa wembe. Sikumwambia kwamba nimeona. Nilivishona vifungo, nikavishona na vile ambavyo havikukatika.

Ulipotimia mwaka aliniambia anachotaka. Alisema nyumba yake ina umeme na ina dirisha kubwa la kuwekea cherehani, na watoto wake wananijua. Kisha akasema, "Mimi sina haja ya mtoto mwingine. Nina haja ya mtu." Niliendelea kukanyaga cherehani kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

Nilimweleza baba Jumapili baada ya ibada. Nilitegemea atasema jambo juu ya dhehebu, kwa kuwa sisi ni Walutheri na mtu yule ni Mkatoliki. Hakusema. Aliuliza Kahe siku hizi kuna malaria kiasi gani. Aliuliza maji ya mfereji yanatoka wapi. Nilimwambia ningependa kuondoka baada ya Krismasi, mwezi wa kwanza, kaka zangu wakiwa wameshakuja na tumeshapanga nani atakaa naye. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na nilizoea kuuhesabu ukimya wake kuwa ndiyo.

Miezi hiyo hiyo bunduki ya zamani ilikuwa imefika mwisho. Fundi wa Arusha alitazama ndani ya mtutu akasema umeliwa, risasi haiendi tena inakoelekezwa. Baba akaanza kuomba kibali cha kununua nyingine. Barua ya kijiji, barua ya kata, picha, alama za vidole, kwenda polisi na kurudi. Nilimsindikiza kote kwa sababu hakuweza kusoma fomu. Ili ipatikane fedha aliuza mtamba wetu, yule niliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa, na ambaye siku zote baba alisema ni wangu. Nilimwona akipandishwa kwenye gari. Nilijiambia kwamba ninakokwenda sitamhitaji.

Mwezi wa kumi kibali kilitoka, ya zamani ikakabidhiwa polisi, tukaenda Arusha.

Duka lile lilikuwa na nondo kama benki na kimya kama kanisa katikati ya wiki. Muuzaji alikuwa mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alimwamkia baba shikamoo, akampa kiti, akasoma kibali mara mbili. Kisha akatandika kitambaa cha kijani mezani, akaweka bunduki mbili sambamba. Zilikuwa pacha. Kampuni moja, risasi aina moja, kitako cha mti mmoja. Moja ilikuwa nyeusi kama ile yetu ilivyokuwa siku zake. Nyingine ilikuwa ya stenlesi, nyeupe iliyofifia, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Alieleza bila kututia haraka. Nyeusi ni nafuu kidogo, na wawindaji wa zamani wanaipenda kwa kuwa haiakisi mwanga, na ikichakaa fundi anaweza kuichemsha upya. Nyeupe si kwamba haishiki kutu kabisa, lakini inavumilia. Ikinyeshewa leo ukaifuta kesho, haikudai. Baba aliuliza ipi ni bora. Muuzaji akasema ndani ni sawasawa, zinapiga sawasawa. "Mzee, mimi huwa siulizi rangi," alisema. "Huwa nauliza ni nani ataitunza."

Baba alizipapasa zote mbili kwa viganja, polepole, kuanzia kwenye kitako mpaka mdomoni. Kisha akanigeukia.

"Wewe unaonaje?"

Katika miaka minane hakuwahi kuniuliza ninavyoona, isipokuwa siku ile ya mafuta. Nilifurahi kama mjinga. Nilisema tuchukue nyeupe. Nilitaja ukungu wa kwetu, nikataja kabati lenye unyevu, nikataja mikono yake inayotoka jasho siku hizi kwa sababu ya dawa za presha. Nilisema atakayekuja kumsaidia huenda asiwe na mazoea, na hii nyeupe itamsamehe. Nilizungumza kama mtaalamu, na muuzaji alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jambo. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia muuzaji akasema ile nyeupe inang'aa, nguruwe wataiona. Muuzaji akamwambia kwa upole kwamba hii imefifishwa, na hata hivyo nguruwe anaona kidogo sana, ananusa.

"Nyeusi inataka nini?" baba akauliza, ingawa alijua kuliko sisi wote.

"Mafuta, mzee. Kila wiki, na kila ikinyeshewa."

"Mtu ninaye," akasema baba, akaninyooshea kidevu.

Nilihisi masikio yananiwaka. Nikasema, mbele ya mtu baki, jambo ambalo lingepaswa kusemwa nyumbani: "Baba, mwezi wa kwanza mimi sitakuwepo. Nilikwambia."

"Nilikusikia," alisema. Wala hakupandisha sauti. "Nipe ile nyeusi."

Muuzaji alinitazama, akashusha macho, akavaa miwani yake akaanza kuandika. Nilisimama pale mpaka alipomaliza. Kisha tukaenda kula. Baba aliagiza nyama ya kuchoma na ndizi, akala kwa hamu ambayo sikuwa nimeiona tangu mama alipofariki. Alinisogezea sahani nimkatie nyama vipande vidogo, na nilimkatia.

Watu wakinisikiliza mpaka hapa huwa wananiuliza kwa nini sikuondoka tu. Ni swali la haki. Bunduki haikunifunga kamba. Baba hakuwahi kunikataza, na siku hizi nadhani angenikataza ningeondoka kesho yake. Krismasi ilipofika kaka zangu walikuja na familia zao, nyumba ikajaa. Waliipokezana ile bunduki, wakaisifu, wakapiga nayo picha mmoja mmoja wakiegemea nguzo ya baraza. Nilipowaambia habari ya Kahe, kaka mkubwa alisema ni jambo jema, hana pingamizi. Kisha akasema shida ni mtu wa kumweka hapa, wasichana wa kazi wa siku hizi huwajui, na nyumba ina silaha. Mdogo wetu akasema, "Dada, wewe ndiye unayemjua mzee." Mkewe akaitikia. Walinitazama wote kwa upendo, kama mtu anavyotazama kufuli zuri. Tarehe nne ya mwezi wa kwanza walipakia mikungu ya ndizi na maziwa kwenye magari yao wakateremka.

Nilimwambia mtu wa Kahe asubiri masika yaishe. Kisha nikamwambia asubiri kahawa ivunwe. Kila nilipotaja siku, baba aliugua kifua. Hakuwa akijifanya. Nilimpima homa kwa mkono wangu, nilisikia pumzi yake ikikwaruza. Mpaka leo sijui kama mwili wake ulikuwa ukimtii au ulikuwa ukinidanganya wenyewe. Nilimpeleka hospitali Moshi, nikamrudisha, nikamkandia miguu, na Jumamosi nikaifuta bunduki.

Mtu yule alisubiri karibu miaka miwili. Siku aliyokuja mara ya mwisho hakuwa na nguo ya kushona. Alikaa kwenye benchi la wateja, mikono imening'inia kati ya magoti. Aliniambia amepata mwanamke wa hukohuko Kahe, mwenye mtoto mmoja, na tangazo la ndoa limeshasomwa kanisani.

"Sikutaka uisikie kwa watu," alisema.

Nilimshukuru. Kisha akasema, "Ningeendelea kukusubiri. Ila hukuwahi kuniambia nisubiri mpaka lini."

Ilikuwa kweli. Alipoondoka nilimalizia pindo la gauni la mtu, nikalipiga pasi, nikalikunja. Mwenye gauni alipokuja alisema pindo limekwenda upande, nikalifumua nikaanza upya.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nne, mvua ziko katikati. Wiki hiyohiyo nguruwe waliingia shamba la jirani, baba akatoka na bunduki katika mvua, akairudisha kabatini ikiwa mbichi. Jumamosi aliniuliza kutoka kitandani kama nimeshaifuta. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeigusa. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake, nami nilikuwa jikoni nimekaa, nasikiliza mvua kwenye bati. Jumamosi iliyofuata aliuliza tena nikasema ndiyo tena. Nilisema ndiyo Jumamosi tano. Sijawahi kusema uongo mtamu kama ule. Nilipokuwa njiani kushuka Kiboriloni nilikuwa nikiliwazia lile kabati, nikiwaza kinachotokea ndani yake, na nilikuwa naongeza mwendo.

Wiki ya sita jua lilitoka, na baba akajisikia nguvu. Nilikuwa namenya ndizi za mtori niliposikia akifungua kabati. Kisha akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilimkuta barazani, bunduki mapajani. Macho yake hayakuweza kuona kutu. Kidole gumba ndicho kilichoiona. Alikuwa akikipitisha kwenye mtutu, kinakwenda, kinakwama, kinakwenda.

"Hii ni nini?"

"Kutu."

"Umeiacha."

"Nimeiacha."

Nilitegemea atafoka. Ningependa angefoka. Aliuliza kwa nini, na nikamjibu kwamba nilimwambia tuchukue ile nyeupe.

Kidole cha baba kiliendelea kutembea. Kisha akasema, "Ningechukua ile nyeupe ungeondoka."

Alilisema bila aibu, na bila kuomba radhi pia, kama mtu anayeeleza kwa nini aliziba mfereji huu akafungua ule. Nikasema, "Ningeondoka hata hivyo, baba."

"Hukuondoka," akasema.

Akainama, akapapasa chini ya kiti akitafuta mafuta. Hayakuwepo hapo, yalikuwa kwenye droo ya cherehani yangu, na alijua. Akaniomba nimletee. Nikaleta kichupa na kitambaa nikavitia mkononi mwake, kisha nikasimama. Alijaribu kumimina kwenye kitambaa, mafuta yakamwagikia suruali. Akajaribu tena. Nilisimama nikimtazama muda mrefu kuliko mtoto anavyopaswa kumtazama mzazi wake katika hali ile. Naukumbuka mpaka upara wake ulivyokuwa ukimeremeta jasho. Kisha nikamnyang'anya bunduki, nikakaa kwenye ngazi, nikaanza kuisugua kwa stilwaya laini ya kusugulia sufuria, iliyolowa mafuta. Kutu ilitoka, lakini iliondoka na ule weusi, na mtutu ukabaki na mabaka kama mapunye kichwani mwa mtoto. Nilipomaliza nilirudi kumenya ndizi. Mtori wa siku hiyo tulikula pamoja, na tulizungumza juu ya ng'ombe.

Tuliishi hivyo miaka minne zaidi. Sikumwacha na njaa wala uchafu hata siku moja. Nilimwita baba, nilimwamkia kila asubuhi, na bunduki niliifuta kila Jumamosi kama zamani. Hatukurudia mazungumzo yale. Wageni walikuwa wakisema mzee ana bahati ya binti, naye aliitikia kwamba ni kweli. Nyakati nyingine nilimhurumia. Alikuwa mtu aliyeogopa kufa peke yake akaona njia moja tu, na njia yenyewe ilikuwa mimi. Lakini huruma ilikuwa ikija na kuondoka, na kile kingine kilikuwa kikikaa.

Alifariki mwezi wa nane, asubuhi, nikiwa nachemsha maji ya kumwogeshea. Kaka zangu waliwahi maziko. Siku ya pili baada ya maziko, kaka mkubwa, mwenyekiti wa kijiji na mimi tuliipeleka bunduki polisi, kwa kuwa mwenye leseni akifa silaha haibaki nyumbani. Askari wa mapokezi aliikagua, akasoma namba, akaangalia ndani ya mtutu kwenye mwanga wa dirisha. Yale mabaka ya nje hayakumshughulisha. Akasema ndani ni safi kabisa, mzee alikuwa mtunzaji.

"Mzee alikuwa hivyo," kaka akajibu. "Kila Jumamosi, bila kukosa."

Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake. Mwenyekiti wa kijiji alinitupia jicho, kwa kuwa alijua. Kaka hakuwa akinidhulumu kwa makusudi. Aliamini hivyo. Miaka yote aliyopiga simu Jumapili baba alikuwa akimwambia, "Jana nimesafisha bunduki."

Kikao cha ukoo kilikaa siku ya nne. Kihamba na nyumba vilikwenda kwa mdogo wetu wa mwisho, kama desturi ilivyo. Bunduki ilikwenda kwa kaka mkubwa, akiomba leseni akapewa. Mimi nilisifiwa. Kila mzee aliyesimama alinisifu kabla ya kukaa. Ikaamuliwa kwamba nitaendelea kuishi pale mpaka mdogo wangu atakapoihitaji nyumba. Aliihitaji baada ya miezi saba, ili aivunje ajenge ya kisasa. Nilipanga chumba Soweto, Moshi mjini. Cherehani niliiteremsha mimi mwenyewe na mwenye gari la kukodi, nimeishikilia kwa nyuma isianguke kwenye makona.

Kaka alipata leseni, akaichukua bunduki akaenda nayo Dar es Salaam, akaifungia kwenye kabati la ukutani. Nyumba yake haiko mbali na bahari. Baada ya mwaka na nusu alinitumia picha kwenye simu, bila maelezo, na mara akapiga. Aliuliza baba alikuwa anatumia mafuta gani. Picha ilionyesha mtutu umevaa kutu kama ganda la mti, na komeo limeshikana. Nilimwambia mafuta ya cherehani. Alicheka akidhani natania. Nilipomhakikishia akasema basi imeshapita, fundi ameangalia amesema kuirudisha ni gharama kuliko faida. Ameshauriwa aiachie duka na kuongeza kidogo achukue ya stenlesi. Alisema watu wote wanaojua wanachukua hizo.

"Sasa mimi nani atanifanyia hayo mambo kila wiki?" aliuliza.

Nilimwambia sijui. Akasema si kitu, akauliza hali ya Moshi, akasema anawahi kikao, akakata. Nilikaa na simu mkononi. Yeye alilimaliza jambo lile kwa simu moja, mchana mmoja, akiwa kazini. Hakukuwa na mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho kisha akachagua nyeusi. Nilitaka kumpigia nimwambie yote, kuanzia mtamba mpaka Kahe. Nilifikiria angesema nini, na niliisikia kabisa sauti yake ikisema, "Dada, si ungetuambia?" Sikupiga.

Mwaka jana mdogo wetu alinitafuta. Nyumba ya kisasa imekwisha, ina vigae na madirisha ya vioo, lakini yeye na mkewe wako Dodoma na nyumba inakaa tupu. Wezi wameshachukua bomba la bafuni. Alisema wameongea na kaka mkubwa wameona nirudi nikakae. Watanipa chumba cha mbele, watanunua ng'ombe wawili niwe na maziwa yangu.

Nilisema hapana.

Hakuzoea neno hilo kutoka kwangu, akadhani simu ina matatizo. Nikalirudia. Aliuliza sababu, nikamwambia nina kazi. "Dada, si cherehani tu?" alisema. "Cherehani unashona popote." Sikumweleza. Nilimwambia amsalimie mkewe, nikakata mimi wa kwanza, jambo ambalo sikumbuki kulifanya kabla ya hapo. Baadaye nilisikia kwa shangazi kwamba ukoo unasema nimekuwa mgumu, mji umenibadilisha, namsahau baba yangu ambaye hakunitupa niliporudi bila kitu. Shangazi alisubiri nijitetee. Nilimwongezea chai.

Krismasi iliyopita sikupanda. Magari ya watu wa Dar na Arusha yalipita siku tatu mfululizo kwenda juu, mbuzi na makreti ya soda yamefungwa nyuma. Mimi nilibaki Soweto, nikafunga kibanda siku mbili, nikalala mpaka jua likapanda. Nilipika kiburu cha ndizi na maharage, na kwa mazoea nikapika cha watu wengi. Kilichobaki nilimpelekea mama mwenye nyumba wangu. Akauliza kama nilikuwa nategemea wageni. Nikamwambia hapana, hakuna anayekuja.